Betri iko kifuani, ufunguo uko kwa nani?

Mama mkubwa wangu ana betri ya moyo, kile kidude cha kupandikizwa kifuani (pacemaker) kinachousukuma moyo ukichelewa kupiga. Kliniki yake ya mwisho nilimsindikiza mimi, pale Upanga, na kwa kuwa alikataa kuingia peke yake nikaruhusiwa kukaa pembeni wakati betri inakaguliwa. Mimi ni fundi simu, nina fremu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa hiyo sikuwa mtazamaji mwenye adabu: macho yote yalikuwa kwenye mashine. Mtaalamu alichukua kitu cha ukubwa wa mausi ya kompyuta, kina waya wake, akakilaza juu ya kitenge, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto. Hakuna sindano, hakuna kuvua nguo. Kwenye skrini mistari ikaanza kupita na pembeni yake tarakimu: betri imebaki kiasi gani, waya uko sawa au umelegea, moyo umejipiga wenyewe mara ngapi na umesukumwa mara ngapi. Kisha akasema, "Mama, napandisha mapigo kidogo, usiogope," akabonyeza.

Mama mkubwa akashika kifua. "Wee kijana, mbona unanikimbiza nami nimekaa?"

Yalikuwa 60, yakawa 90. Bibi wa miaka sabini na ushee, amekaa kitini, mkoba mapajani, na moyo unakwenda mwendo wa mtu anayepanda ghorofa kwa ngazi, kwa sababu kijana wa watu amegusa kioo. Halafu akaanza kupunguza nguvu ya msukumo, hatua kwa hatua, akitafuta kiwango cha chini kabisa ambacho moyo bado unakitii. Alipokipita, pigo moja likapotea kwenye mstari, mama mkubwa akasema kichwa kimekuwa chepesi, na papo hapo kijana akarudisha. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Msukumo ukiwekwa mkubwa kuliko unaohitajika, betri inakwisha mapema, na betri hii haichajiwi. Ikiisha, anapasuliwa tena.

Kwenye bajaji ya kurudi Magomeni alikaa kimya mpaka Jangwani. Ndipo akauliza: "Sasa yule mtoto wa watu angeitwa nje, akaondoka akaniacha na yale mapigo ya mbio?" Nikamwambia haiwezekani, mashine ina kinga zake. Jibu lilimtosha yeye. Mimi halikunitosha.

Ukisoma habari za binadamu kuchanganyika na mashine, utaletewa Elon Musk na chipu ya ubongo ya Neuralink, iliyowekwa kwa mtu wa kwanza Januari 2024. Sawa, ni habari kubwa. Ila mchanganyiko wenyewe ulishaanza kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ulianza na kopo la Kiwi. Ilikuwa Stockholm, Oktoba 8, 1958. Arne Larsson, miaka 43, moyo wake ulikuwa unasimama na kumwangusha mara nyingi kwa siku moja. Mkewe, Else-Marie, aliwaandama daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu kitu ambacho hakijawahi kuwekwa ndani ya mtu: betri ya moyo. Elmqvist aliunganisha transista mbili na vikorokoro vichache, akavigandisha ndani ya plastiki ya epoksi, na umbo alilipata kwa kumiminia kwenye kopo la dawa ya viatu. Betri yake ilichajiwa kutoka nje, kupitia ngozi, bila waya. (Zaidi ya miaka hamsini kabla wateja wangu hawajaanza kuringia chaja za kulaza simu.) Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache, kikawekwa cha pili. Larsson aliishi mpaka Desemba 2001, akafa kwa saratani akiwa na miaka 86, baada ya kubadilishiwa vifaa mpaka vikafika 26. Daktari na mhandisi walishatangulia wote wawili.

Vifaa vya kizazi kile havikuwa na habari na mtu. Vilisukuma moyo kwa mwendo mmoja usiku na mchana, na hakuna aliyeweza kuviamuru kitu bila kisu. Cha mama mkubwa kinasikiliza kwanza. Moyo ukijipiga wenyewe kinanyamaza, ukichelewa kinasukuma. Kina kihisio cha mwendo, kwa hiyo akipanda ngazi za kwa binti yake kinaongeza mapigo chenyewe. Kinaandika kumbukumbu za kila kinachotokea. Na kina redio.

Hiyo redio ndiyo imeleta mambo. Dick Cheney, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alizimiwa mawasiliano ya redio ya kifaa chake cha moyo mwaka 2007, kwa sababu daktari wake aliogopa mtu asije akakitumia kumuua. Mwenyewe alisimulia kwenye televisheni mwaka 2013. Agosti 2017 ikaja zamu ya watu wasio na walinzi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba betri za moyo 465,000 nchini humo, za kampuni ya St. Jude Medical iliyokuwa imeshanunuliwa na Abbott, zina mwanya kwenye programu yake. Mtu aliye karibu, mwenye ujuzi na vifaa, angeweza kubadilisha mipangilio au kuimaliza betri haraka. Hakukuwa na taarifa ya mgonjwa yeyote aliyedhuriwa. Tiba yake ilikuwa kuapdeti. Mgonjwa aende hospitali mwenyewe, akae dakika kama tatu wakati programu mpya inaingia, na muda huo kifaa kiendeshe moyo kwa hali ya akiba, mapigo 67 kwa dakika.

Nimeflashi simu nyingi. Najua ule mstari unaosogea polepole kwenye skrini huku umeshika pumzi, na najua zipo zinazokwama katikati zikawa tofali. Simu ikiwa tofali, mteja ananitukana, tunakubaliana bei, yanaisha. Sijui ningemwambia nini mtu aliyelala kitandani na mstari huo uko kifuani kwake, asilimia arobaini, asilimia arobaini na moja.

Wengi wakifika hapa wanasema basi vifungwe, mtu yeyote asiweze kuvigusa isipokuwa kiwanda. Mimi nakataa, na sababu yangu ni mwanamke wa Marekani anayeitwa Dana Lewis.

Dana ana kisukari cha aina ya kwanza. Alikuwa anaishi peke yake, analala usingizi mzito, na kifaa cha kumpimia sukari mfululizo kilikuwa na mlio mdogo usiomwamsha sukari ikishuka usiku. Watengenezaji waliambiwa, mlio ukabaki ule ule. Mwaka 2013, kwa kutumia njia aliyoigundua mzazi mmoja wa mtoto mwenye kisukari, akaweza kuzitoa namba zake nje ya kifaa. Yeye na Scott Leibrand, aliyekuja kuwa mumewe, wakatengeneza kengele yenye makelele ya kuamsha mtaa. Wakaongeza hesabu za kubashiri sukari itakuwa wapi baada ya nusu saa. Mwisho wakaunganisha na pampu yake ya insulini, mashine ikawa inapunguza na kuongeza dozi yenyewe usiku kucha, na mwaka 2015 wakaanza kuuweka utaratibu wote hadharani, bure, kwa jina la OpenAPS. Kongosho la kutengenezea nyumbani. Kifaa cha kwanza cha kiwandani cha namna hiyo, 670G ya Medtronic, kiliidhinishwa Marekani Septemba 2016.

Sasa sikiliza. Pampu zilizofaa kwa kazi hiyo zilikuwa za zamani za Medtronic, na zilifaa kwa sababu zilikuwa na kasoro: zilikubali amri za redio kutoka kwa kifaa kisicho cha kiwanda. Juni 2019 FDA ikatoa onyo juu ya pampu za aina hiyo, na kampuni ikataka zirudishwe kwake, kwa sababu ya kasoro hiyo hiyo. Mwanya uliowanyima usingizi watu wa usalama ndio mlango ambao wagonjwa walipitia kuufikia mwili wao wenyewe. Tangu niisome habari hiyo sijishughulishi tena na mashine imeingia kina gani ndani ya mtu. Ngozi si mpaka wa maana. Mtu mwenye chuma nyonga nzima na funguo zake mwenyewe ni mzima kuliko mtu mwenye kidude cha gramu tano ambacho nywila yake iko kwa watu asiowajua.

Hayo ya Marekani. Nyumbani tunaye mpwa wangu. Anasoma Chuo Kikuu, Mlimani, amepanga Changanyikeni, ana kisukari tangu shule ya msingi. Pampu hana, anajichoma insulini kama kawaida. Ila baba yake mdogo anayeishi Uingereza humtumia vile vihisio vya kubandika: kidude cha mviringo nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, chenye uzi mwembamba unaoingia milimita 5 hivi chini ya ngozi. Kinakaa siku 14 kisha kinatupwa. Hakisomi damu. Kinasoma maji yaliyo kati ya seli, ambako sukari hufika ikiwa imechelewa dakika kadhaa. Kimoja kinazidi kodi yake ya mwezi, kwa hiyo anavaa kwa msimu: mitihani, safari, akiwa na homa. Mzigo usipofika anarudi kutoboa kidole. Hao wanaotabiri binadamu mpya, nusu mtu nusu mashine, sidhani kama waliwahi kumfikiria binti anayekuwa nusu mashine mwezi wa pili na wa sita, halafu anarudi kuwa mtu kamili kwa sababu baba mdogo amebanwa na bili za umeme huko aliko.

Mimi ndiye niliyemwekea programu kwenye simu, baada ya simu yake ya kwanza kuikataa kwa uzee. Na namba haziishii kwake. Zinakwenda Tanga kwa mama yake, zinakwenda Uingereza, na zinakuja kwangu. Usiku mmoja wa manane simu zikapiga kelele nyumba tatu kwa mpigo: sukari imeshuka mno. Dada akanipigia analia, mtoto hapokei. Nikawasha pikipiki. Nilipofika Mwenge namba ikaanza kupanda yenyewe. Mtoto alikuwa amelala, tena amelalia mkono wenye kidude. Ukikilalia, nyama ya pale inabanwa, maji hayapiti vizuri, nacho kinasoma sukari ya chini ambayo haipo. Alipogeuka upande wa pili, akapona.

Asubuhi akaniambia, "Anko, nitolee watu wote humo. Mama anajua nimekula chapati kabla sijameza."

Dada alipoambiwa alijibu kwamba aliyembeba tumboni hawezi kuombwa ruhusa na simu. Tukabishana wiki nzima. Mwishowe tulikubaliana mama abaki na kengele ya hatari tu, grafu asiione. Anaheshimu, kwa kiasi chake. Nasema hivi kwa sababu wenzetu wa mbali wanauzungumzia mwili kama mali ya mtu mmoja ambayo mashine imekuja kuivamia. Huku kwetu mgonjwa hajawahi kuwa peke yake na mwili wake: yupo aliyempeleka hospitali, yupo aliyechanga, yupo aliyemkataza soda, na wote wana haki ya kuuliza choo kikoje. Kidude kimeikuta familia imeshakaa zamu, kikaiongezea zamu ya usiku. Kama kuna mtu aliyegeuzwa na mashine pale, ni dada yangu kuliko binti yake. Dada ndiye anayeamka saa tisa kutazama namba ya mkono ulio kilomita mia tatu na zaidi kutoka alipo.

Kinachonipa wasiwasi kwa binti mwenyewe ni kingine. Zamani sukari ikishuka alijijua: jasho, mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu. Siku hizi ukimuuliza unajisikiaje, anatazama simu kwanza. Siku moja alikuwa anatoka jasho mbele yangu, kwenye benchi la fremu, na simu inasema 5.2, hali nzuri kabisa. "Niko sawa," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. Ilikuwa ile dakika ya kuchelewa. Sukari inashuka kasi, maji ya chini ya ngozi hayajapata habari. Nesi wa kliniki yake alishamfundisha kwamba hisia na kidude vikigombana, toboa kidole. Tulitoboa, tukamnywesha juisi. Alichonishangaza ni kwamba alihitaji kukumbushwa kujiamini.

Na hapo tunazungumzia kifaa kilichopimwa kikapita. Njoo sasa mtaani kwangu uone visivyopimwa. Saa janja za bei ya kutupa, boksi limechorwa tone la damu, zinadai kupima sukari kwa kugusa ngozi tu. Februari 2024 FDA ilionya waziwazi kwamba haijawahi kuidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mimi nilichukua mojawapo nikaifunga kwenye muhogo mbichi, nimenunua kwa mama wa pale kona. Muhogo ulikuwa na mapigo 78 na presha ya kijana wa jeshi. Jirani yangu anayeziuza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaendelea kuziuza.

Lakini hata vifaa halali havitusomi sote sawa, na hili linafaa kusemwa kwa sauti Dar kuliko linavyosemwa. Wakati wa Uviko kila mtu alitaka kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni. Kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana katikati ya kidole, kisha kinakadiria oksijeni kwa mwanga uliosalia. Msingi wake uliwekwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha hesabu zao katika jarida la New England Journal of Medicine. Walichukua wagonjwa ambao kibanio kiliwapa asilimia 92 hadi 96, namba isiyotisha sana, wakalinganisha na damu iliyochotwa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa Weupe, asilimia 3.6 ya vipimo vilificha oksijeni iliyoshuka chini ya 88. Kwa Weusi, asilimia 11.7. Rangi ya ngozi inameza mwanga, na mashine ilikuwa imerekebishwa zaidi kwa vidole visivyo vyetu. Tulivibana vibanio hivyo Temeke na Mbagala, tukasoma namba, tukashukuru Mungu.

Kuna mzee mmoja, baba wa mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, aliyekuja fremuni na kifuko kidogo cha zipu. Ndani kulikuwa na sehemu ya nje ya kifaa cha kusaidia kusikia cha kupandikizwa. Upasuaji huo Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa nje ya nchi. Ndani ya sikio la mtoto kuna uzi wa elektrodi unaoamsha neva ya kusikia moja kwa moja. Nje, nyuma ya sikio, kinakaa kikompyuta chenye maikrofoni na betri, na waya mfupi unaokwenda kwenye kisahani kinachoshikwa kichwani kwa sumaku. Bila sehemu ya nje, ya ndani haina kazi. Nikaipindisha ile waya chini ya lenzi: pale inapoingia kwenye plagi ilikuwa imekatika ndani, ganda zima nje. Jasho la Dar na mikono ya mtoto. Ingekuwa ni waya ya hedifoni ningekuwa nimeshamaliza kabla mzee hajakaa.

Sikuigusa. Sijui inapitisha nini na kwa kiasi gani, na upande wa pili wake kuna kichwa cha mtoto. Mzee hakunielewa. "Fundi, wewe si unafunga hata vile vidogo vya ndani ya simu?" Nafunga, mzee wangu. Akaniambia anajua pa kuipeleka, wataalamu wameshaandika, waya inasubiriwa, na mtoto anasubiri nayo, amekaa mbele darasani anatazama midomo ya mwalimu. Kariakoo unapata kioo cha simu iliyotoka kiwandani mwezi uliopita. Waya ile hupati. Sijui kama nilitenda vema au nilijikinga tu, lakini hasira niliyobaki nayo najua ilimwelekea nani: waliotengeneza kitu cha kukaa kwenye kichwa cha mtoto miaka yote ya maisha yake bila kujali kama mtaani kwake kipuri chake kitapatikana.

Na wakati mwingine hata wa kumsubiri hayupo. Kampuni ya Marekani ya Second Sight ilipandikiza macho ya bandia yaitwayo Argus II kwa watu zaidi ya 350 duniani, vipofu waliopata kuona mianga na maumbo. Kufikia 2020 kampuni ilikuwa hoi kifedha, imeachana na kifaa hicho, na watu wakabaki na elektrodi ndani ya jicho zisizo na fundi wala kipuri. Wateja wangu wananung'unika simu zao zikiacha kupata programu mpya baada ya miaka minne.

Kumbukumbu nazo zina mwenyewe. Mtu mmoja wa Ohio aliunguliwa na nyumba mwaka 2016, akaeleza jinsi alivyopakia vitu, akavunja dirisha kwa fimbo na kukimbia. Polisi wakaomba na kupata kumbukumbu za betri yake ya moyo, daktari wa moyo akazisoma akasema hazifanani na maelezo. Alishtakiwa kwa kuichoma mwenyewe, jaji akaruhusu ushahidi huo mwaka 2017, naye akafariki kabla kesi haijasikilizwa. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ipo. Vizuri. Ila sijamwona mtu hata mmoja, mimi nikiwemo na lenzi yangu, aliyesoma yale masharti ya programu ya sukari kabla ya kubonyeza "Nakubali". Mpwa wangu alibonyeza huku ananisimulia habari za mchumba wa rafiki yake.

Mama mkubwa hayo ya kumbukumbu na masharti hayamshughulishi. Nilipomsomea habari moja ya Novemba 2024 ndipo alipotega sikio. Watafiti wa Michigan, kwa mpango wanaouita My Heart Your Heart, wanachukua betri za moyo zilizotolewa kwa marehemu, ambazo huko nyingi hutolewa kabla ya kuchoma maiti kwa sababu betri ikipata moto inalipuka. Zile zenye uhai wa kutosha husafishwa na kuuawa vijidudu, kisha hupewa wagonjwa wasioweza kununua mpya. Walizijaribu kwa wagonjwa karibu 300 wa nchi saba, Kenya na Msumbiji zikiwemo, nusu wakipewa mpya nusu zilizotumika, na baada ya siku 90 zilizotumika hazikuwa nyuma ya mpya. Mimi nilidhani ataguna. Kitu kilichokaa kwenye moyo wa Mzungu aliyekufa?

"Mbona kanga za marehemu tunagawana," akasema. "Hii yangu nikifa mpeni mtu. Ila usipewe wewe, utaifungua."

Ana haki. Ningeifungua.

Kwa hiyo, kama kuna wa kwako anakaribia kuwekewa kitu, usiogope kuonekana mbishi kabla ya kusaini. Uliza betri inatarajiwa kukaa miaka mingapi, nyingi huwa kati ya nane na kumi na mbili kutegemea matumizi, na ikiisha gharama ni ya nani, maana bima yako ya leo inaweza isiwe ya siku hiyo. Uliza mwenye mashine ya kukikagua yuko wapi zaidi ya Dar, kwa sababu mzee atataka kurudi kijijini. Uliza nani mwingine anasoma namba zake, na kama ni kifaa kinachotegemea simu, inataka simu ya aina gani. Mwanamke mwambie simu isikae tena kwenye sidiria upande wa kushoto. Iwe mbali na betri kwa sentimita 15 walau, kwa kuwa simu za kisasa zina sumaku na sumaku hubadilisha namna betri inavyofanya kazi. Dai kadi ya kifaa. Ina aina yake, namba yake, tarehe na hospitali, na ndiyo itakayomwambia daktari wa usiku wa dharura kama mgonjwa anaweza kuingizwa kwenye MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, au la. Ipige picha uitume kwenye kundi la familia, halafu ile yenyewe aibebe mkobani, kwa sababu simu huzima chaji.